Fanya juu na kalkulasi

Jamani, derivativu za sehemu zilinishinda. Nilikuwa nasoma Kitui, nikaanguka mtihani, nikarudi nyumbani Mbooni, Makueni, zikiwa zimebaki wiki tatu niurudie.

Mama akanipa jembe tukarekebishe matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu. Nikitembea kufuata tuta, kimo hakibadiliki. Nikigeuka kupanda, nahema. Kilima kimoja, miteremko miwili!

“Mwanangu, mbona umesimama?”

Nilikuwa nawaza z = x²y. Shikilia y kama namba tu, mteremko upande wa x ni 2xy. Shikilia x, upande wa y ni x². Kumbe ndiyo hiyo tu! Usiku nikamaliza maswali yote kwa koroboi.

Nilipita, ingawa kwa shida.