Pamba Ipi?

Kwetu Bariadi neno pamba lina maana mbili, na kwa muda mrefu mimi nilijali moja tu.

Ya kwanza ni zao. Tangu enzi za baba zetu, pamba ndiyo iliyoezeka nyumba kwa mabati, ikalipa mahari, ikasomesha watoto. Mtu alipanda mvua za Novemba na Desemba zilipokolea, akapalilia, akapulizia dawa, akavuna, akakaa barazani na watoto kutenga pamba safi na pamba fifi, kisha akasimama mbele ya mzani wa chama kusubiri neno la karani. Waliiita dhahabu nyeupe.

Ya pili ni Pamba ya Mwanza, timu ya kandanda iliyolelewa na taasisi za zao hilohilo. Mashabiki waliiita TP Lindanda. Jambo hili si la Usukumani peke yake. Reli ilikuwa na timu yake Morogoro, na viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kagera navyo vikawa na zao. Hata huko mbali Korea Kusini, mwaka 1973 kampuni ya chuma ya POSCO iliunda klabu ambayo leo inaitwa Pohang Steelers, yaani vijana wa chuma. Penye kazi ya watu wengi, mpira haukosi mlezi. Tofauti ni kwamba chuma hakingoji mvua.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Pamba ilikuwa moto. Ilikuwa na akina George Masatu, Hussein Marsha, Khalfan Ngassa, Fumo Felician, Nico Bambaga na Kitwana Suleiman. Mwaka 1990 ikatwaa ubingwa wa Muungano, ikawaacha nyuma Simba na Yanga, wakongwe wa Dar es Salaam. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa haukuwa ushindi wa mpira tu. Tulizoea kuona marobota yetu yakienda pwani na kila kizuri kikibaki hukohuko. Safari hii kizuri kilibaki kwetu.

Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye mshahara mdogo na redio ya betri. Mechi kubwa ilipokaribia nilipanda basi hadi Lamadi, nikashika barabara ya Musoma, nikapita Magu na Kisesa hadi uwanja wa Kirumba. Nauli, kiingilio, chakula, na mahali pa kulala, maana usiku ule hapakuwa na gari la kurudi. Sikupiga hesabu. Mwalimu wa hesabu mzima, sikupiga hesabu.

Jioni moja ya mwaka ule nilifika nyumbani kwa wazazi nikiwa na furaha ya kupita kiasi. Hata kabla sijakaa nikasema, "Shikamoo baba. Pamba imeshinda!"

Mzee aliitikia marahaba, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Kisha akauliza taratibu, "Pamba ipi, mwalimu?"

Aliponiita mwalimu badala ya mwanangu, nilijua kuna jambo.

Akaingia ndani, akatoka na stakabadhi ya mauzo ya msimu ule. Pamba alikuwa ameipeleka ghalani miezi mingi nyuma, na fedha zilikuwa bado hazijalipwa. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wiki ya tatu ile. Alikuwa nyuma ya nyumba akichunga ndama, na mimi nilimpita njiani nikamsalimu bila kumuuliza kwa nini hayuko shule.

Nauli zangu za Kirumba, kama ningezikusanya, zingetosha ada ya muhula na chenji ikabaki. Hesabu hiyo niliipiga usiku ule, nimelala macho wazi. Mshahara ulipotoka nililipa. Lakini muhula ulikuwa umekwisha, na kijana alikuwa ameonja jembe na aibu. Alirudi shule kwa muda mfupi, kisha akaacha kabisa. Mpaka leo analima pamba Itilima.

Timu nayo haikubaki juu. Mastaa wake walihama. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, Masatu na Marsha walikuwa wamevaa jezi nyekundu. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na nguvu za taasisi za zamani zikapungua. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Pamba ilikwisha kushuka daraja, ikazama huko zaidi ya miaka ishirini. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2012, sisi tukawa mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi.

Katika utumishi wangu nilipata kuongoza walimu na wanafunzi wengi. Kila mwanafunzi aliporudishwa nyumbani kwa ada, nilitaka kujua kwanza kama ana kaka mwenye mshahara. Wengine waliona ni udadisi. Sikuwahi kuwaeleza sababu.

Mwaka 2024, baada ya timu kurejea Ligi Kuu kwa jina la Pamba Jiji, simu yangu iliita. Alikuwa mdogo wangu, naye sasa ana mvi. "Kaka, Pamba imepanda!"

Nikakaa kimya kidogo, nikamuuliza, "Pamba ipi?"

Akacheka sana. Sikujua kama alikumbuka jioni ile, au kama mzee alipata kumsimulia. Kisha akasema, "Hii ya uwanjani, kaka. Ya shambani njoo uione mwenyewe."

Wiki iliyofuata nilikwenda Itilima. Kirumba bado sijaenda.