Bidii ya Kwanza

Jumapili mjini Bariadi huanza kwa sauti. Kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya pamba, vipaza sauti vya makanisa vimekwisha kuamka, na kila kimoja chataka kusikika kuliko mwenziwe. Kwaya hujibizana kutoka mtaa hadi mtaa, vinanda vya umeme vikipanda na kushuka. Mpita njia asiyeijua nchi hii angesema kwamba Ukristo wa Usukuma haujapungukiwa na kitu.

Yupo mzee mmoja, mwinjilisti aliyestaafu, asiyekubaliana na mpita njia huyo. Alihubiri miaka mingi katika vijiji vya Itilima na Meatu, kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli. Siku hizi hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha hutoka taratibu na fimbo yake. Siku moja mchungaji kijana alimfuata nje, akamsalimu kwa adabu, akamwuliza ameionaje ibada.

"Nzuri, mchungaji," akajibu. "Sauti tunazo. Miguu ndiyo hatuna."

Kijana akacheka, akidhani mzee anasema juu ya miguu yake mwenyewe. Mzee hakucheka. Maneno yake yalikuwa jibu la swali ambalo waumini wa nchi ile wamekuwa wakiulizana kwa muda mrefu: je, yafaa Kanisa lirudie bidii yake ya mwanzo, ile iliyowatoa watu makwao kwenda kuihubiri Injili mahali isikojulikana? Na kama yafaa, ni bidii ipi khasa? Kwani bidii ya mwanzo haikuwa kitu kimoja.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba khabari hii ni ya bara tupu. Mlango wake wa kwanza ulikuwa Unguja. Edward Steere alifika hapa mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pake, na Steere akaendelea na kazi yake kubwa ya kutia maandiko katika Kiswahili. Mwaka 1876 wamisionari wa Church Missionary Society walijitayarishia safari yao ya Ziwa Viktoria papa hapa, wakatafuta wapagazi na vitu vya njiani, wakavuka kwenda bara. Njia waliyoifuata ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa Pwani na wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walioteremsha pembe za ndovu.

Pamoja na mizigo yakasafiri maneno. Imani, dhambi, toba, sala, rehema, na neno Injili lenyewe, ni maneno ambayo Pwani iliyapokea kutoka Kiarabu na kuyatumia katika dini yake ya Kiislamu muda mrefu kabla hayajaingia katika vitabu vya wamisionari. Mwinjilisti wa Meatu anapowaita watu watubu, hutumia neno lililokwisha kutamkwa misikitini kwa vizazi. Hilo si jambo la kuonewa haya. Lugha ni kama jahazi: hubeba shehena ya kila abiria aliyelipa nauli.

Nchi inayoitwa leo Mkoa wa Simiyu ilipata jina hilo la kiserikali mwaka 2012, ilipokatwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, ya mbuga pana na jua kali, na Mto Simiyu wenyewe huingia katika Ziwa Viktoria. Kule Busega, karibu na Ghuba ya Speke, kuna mahali paitwapo Nassa. Hapo ndipo Church Missionary Society walipoweka kituo mwishoni mwa karne ya 19, katika siku ambazo mwenzao Alexander Mackay alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini ya Ziwa, mwaka 1890.

Nassa haikubaki mikononi mwao. Mwaka 1895 kijana mmoja, Peter Cameron Scott, alikuwa ameshuka Mombasa na kikundi kidogo cha watu wa Africa Inland Mission. Ndoto yake ilikuwa mlolongo wa vituo kutoka Mombasa mpaka Ziwa Chad. Hawakuwa na mshahara wa hakika. Walitegemea maombi na watakachojaaliwa. Mwezi Disemba 1896 Scott akafa kwa homa katika nchi ya Wakamba, na wengi wa wenziwe wakafa au wakarudi makwao. Mtu mwenye hesabu za duka angefunga vitabu hapo. Wao hawakufunga, na mwaka 1909 mmisionari wao Emil Sywulka alikipokea kituo cha Nassa kutoka kwa watu wa Church Missionary Society. Kutoka hapo likachipuka Kanisa liitwalo leo Africa Inland Church Tanzania, ambalo wenyewe hulifupisha AICT.

Watu wanapoisifu bidii ya kwanza, husifu makaburi haya na safari hizi, na ni haki wasifiwe. Lakini kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana kwa sababu halina kishindo: wamisionari wale walikaa chini wakajifunza. Jina la Sywulka limefungamana na kazi ya kuyatafsiri maandiko kwa Kisukuma, na Agano Jipya katika lugha hiyo lilitoka mwaka 1925. Biblia nzima ilitoka mwaka 1960. Mwenye kuyapima hayo na apime kwanza kazi yenyewe: kumwuliza mkulima jina la kila kitu, kukosea mbele ya watoto, kuchekwa, kurudi kesho yake na kuuliza tena. Aliyekwenda kufundisha alilazimika kwanza kuwa mwanafunzi. Tena kazi hiyo haikuwa ya mgeni peke yake. Nyuma ya kila mstari walikuwako Wasukuma waliomwambia hapana, sisi hatusemi hivyo.

Na wengi wa walioipeleka Injili mbali na Nassa hawakuwa wageni. Walikuwa vijana wa nchi, waalimu na wainjilisti waliotembea kutoka kijiji hadi kijiji, wakilala kwa wenyeji, wakila kilichopo. Miguu aliyoisema yule mzee ilikuwa ndiyo hii. Majina yao hayakupata kitabu, bali nyumba walizolala zilizijua sura zao.

Hapa mwenye kutaka kuirudia bidii ya kwanza hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa ilikuwa na upande wake wa pili. Wamisionari wale walikuwa wakali. Pombe ilikatazwa, tumbaku ikakatazwa, na ngoma ikakatazwa. Aliyebatizwa alitakiwa aiache ngoma ya kijiji kama mtu aachavyo nguo chafu.

Wapenzi wa mashairi watayafahamu haraka maana ya katazo hilo. Ngoma ya Kisukuma si kurukaruka tu. Kila mwaka, baada ya mavuno, makundi mawili makubwa hupambana: Bagika na Bagalu, wafuasi wa mafundi wawili wa zamani wa dawa na ngoma, Ngika na Gumha. Manju wa kila upande hutunga nyimbo za kumkabili mwenziwe, na hadhira huamua kwa miguu yake, maana ushindi ni wa yule aliyevuta watu wengi kumzunguka. Huko Pwani tunayo malumbano ya washairi, jibu kwa jibu, fumbo kwa fumbo. Ndugu yake ndiye huyu wa Usukuma. Kumwambia Msukuma aache ngoma ilikuwa sawa na kumwambia mtu wa Pemba au Lamu kwamba ataingia peponi kwa sharti asisikie tena shairi.

Matokeo yake yakawa mawili. Waumini walipata usafi wa maisha walioutaka, nao haukuwa mdogo: wengi waliokolewa na ulevi, na watoto wao wakasoma. Lakini Injili ikakaa upande mmoja wa uwanja na manju akakaa upande wa pili na watu wake. Wengine walijaribu njia tofauti. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, Mkatoliki kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kuikaribisha ngoma ya Kisukuma katika sikukuu za Kanisa, na makumbusho ya Wasukuma yakajengwa hapo. Kila mwaka, katika siku za sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu hukutana Bujora kupambana kwa ngoma. Si kila Mkristo aliyeridhika na jambo hilo, wala si lazima aridhike. Lakini lilionyesha kwamba yule manju angeweza kukaribishwa bila ya kuvuliwa ulimi wake.

Yule mchungaji kijana, alipokwisha kuelewa maneno ya mzee, alikuwa na jibu lake, na halikuwa jibu la kipuuzi. "Mzee wangu," alisema, "nyinyi mlitembea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Sisi sauti yetu yafika kijiji cha tatu kabla hatujavaa viatu. Kwaya zetu zaimbwa Dar es Salaam. Hiyo nayo si bidii?"

"Yafika kijiji cha tatu," mzee akasema. "Je, kijiji cha tatu kikijibu, mwasikia?"

Ugomvi wao ungebaki wa maneno tu, lau si jambo moja ambalo kila mtu wa Simiyu analijua na wachache hulizungumza mbele ya wageni. Katika nchi hii wanawake wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi ushahidi ni macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka mingi jikoni, khasa pale kinyesi cha ng'ombe kinapotumika badala ya kuni. Mtoto huugua, ng'ombe hufa, mfumu huulizwa, kidole huelekezwa, na usiku watu huja na mapanga.

Dola ilijaribu nguvu. Katika miaka ya 1970 palifanyika operesheni kubwa ya kuyakomesha mauaji hayo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Shinyanga. Watu walikamatwa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliubeba mzigo wa makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake, akajiuzulu. Visiwani alijulikana kabla ya hapo na akaja kujulikana zaidi baadaye, alipokuwa Rais wa Zanzibar na kisha wa Muungano. Lakini kujiuzulu kule kumebaki miongoni mwa mambo yanayokumbukwa sana katika maisha yake. Mauaji hayakwisha. Baadaye, khasa tangu mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ikapata aibu nyingine: mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao.

Basi hapa ndipo swali la bidii ya kwanza linapoacha kuwa la historia. Kanisa limekaa Nassa zaidi ya miaka 100. Likiwa limefika kila kata kwa vipaza sauti, na bado mama mzee hulala na hofu kwa sababu ya macho yake, basi kuna mahali ambapo halijafika, na mahali hapo hapako mbali. Ni katika ua wa jirani. Kuongeza sauti hakutafika huko. Kuna hata hatari kwamba mhubiri mwenye moto mwingi, anayepiga kelele juu ya wachawi kila Jumapili, atampelekea muuaji kuni badala ya maji.

Kinachofaa kurudiwa, basi, si ukali wa zamani, wala kuikimbia ngoma. Wala si kule kudhani kwamba asiyebatizwa hana la kumfundisha aliyebatizwa. Kinachofaa ni mambo mawili yaliyowafanya watu wale wasikilizwe: walikwenda kwa miguu mpaka mlangoni, na walikaa mpaka wakaijua lugha ya nyumba. Lugha ya nyumba leo si Kisukuma tu. Ni hofu ya watu, ugonjwa wao, hasara ya pamba ikishuka bei, na ule ulazima wa kumtafuta wa kulaumiwa. Asiyeijua lugha hiyo atahubiri kwa ufasaha na hataeleweka.

Mzee wa Bariadi hakuyasema haya yote. Yeye hana mazoea ya hotuba ndefu tangu alipostaafu. Lakini Jumatatu ile, mchungaji kijana alipopita njia ya kisimani, alimwona ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya mjane mmoja ambaye kijiji kilianza kumnong'ona. Hakuwa na Biblia mkononi. Alikuwa akinywa uji aliopewa na yule mama, polepole, mahali pa wazi ambapo kila apitaye angeona kwamba mzee wa Kanisa anakula katika nyumba ile na hafi.

Mchungaji alisimama kidogo. Kisha akaegesha pikipiki yake kando ya njia, akavuka ua, akamwamkia yule mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akangoja apewe mahali pa kukaa.