Mbwa wa Pwani ya Swima

Msafiri atokaye Uvira kwenda Baraka huwa na milima ya Mitumba mkono wa kuume na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto. Katika njia hiyo, nchini Fizi, Kivu ya Kusini, ndiko kuliko Swima. Nyuma ya nyumba kuna mihogo na michikichi. Mbele kuna mitumbwi, nyavu, na mchanga unaoanikwa ndagala. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi huonekana mbali ziwani, hata mgeni adhani ameona mji mwingine.

Mengi yaweza kusemwa juu ya pwani hii. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kusema habari ya wakaaji wake wasiohesabiwa na mtu, yaani mbwa.

Mbwa hao huamka pamoja na wavuvi. Mitumbwi inaporudi alfajiri wao wako tayari mchangani, wamekonda hata mbavu zahesabika, mikia imejikunja. Hukaa mbali kidogo na samaki, kwa maana waujua urefu wa fimbo ya mwenye samaki. Ukiuliza, "Mbwa huyu ni wa nani?" hujibiwa upesi, "Si wa mtu." Lakini keti, zungumza na watu, ndipo utakaposikia habari nyingine. Huyu alikuwa wa jirani, na jirani alivuka ziwa. Yule ni wa nyumba ile pale, ila mwenyewe hana cha kumpa. Hata wataalamu waliochunguza jambo hili katika Tanzania na nchi nyingine za Afrika wameona vivyo hivyo: wengi wa mbwa wanaozurura vijijini wana wenyewe.

Pwani hii imekimbiwa mara nyingi. Wakati wa maasi ya 1964, na katika vita vya 1996 na vya 1998, watu walishuka ziwani na kwenda ng'ambo. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na wengi wao walitoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2025 tena, maelfu ya watu wa mkoa huu walikimbilia Burundi. Mtumbwi wa wakimbizi hupakia watoto, sufuria na mikeka. Mbwa hubaki ufukoni. Siku za kwanza huilinda nyumba tupu. Njaa ikizidi huiacha, naye tangu hapo huitwa mbwa koko.

Wazee wetu hawakumdharau mnyama huyu. Wawindaji wa misitu ya Kongo walimfunga njuga ya mti shingoni, kwa sababu mbwa wa asili wa nchi hizo ni mchache wa kubweka, na bila njuga hajulikani alipo. Mbwa hodari wa kuwinda alikuwa mali ya nyumba. Aliyemfuata mwindaji msituni hata nyama ikapatikana, je, ni haki leo atupiwe mawe tu?

Tusidhani kwamba ni jambo la huruma peke yake. Mbwa asiyetunzwa aweza kupata kichaa na kukileta nyumbani. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, hasa katika Afrika na Asia. Na katika watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, wapatao 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ugonjwa ukishajionyesha katika mwili wa mtu, karibu hakuna aponaye. Kwa hiyo aliyeumwa na aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika 15, kisha aende kwa mganga kupigwa sindano, bila kungoja dalili.

Basi katika vijiji vingi hukumu huwa moja tu: wauawe wote. Twaifahamu hofu ya wazazi, lakini hukumu hiyo haileti salama. Katika kisiwa cha Flores, huko Indonesia, ugonjwa huu uliingia mwaka 1997 pamoja na mbwa waliosafiri katika chombo cha wavuvi. Mbwa wengi mno waliuawa, wala ugonjwa haukukoma. Sababu yake yaonekana wazi: mbwa wazima huuawa pamoja na wagonjwa, watu huficha wao au huleta wengine kutoka mbali, na watoto wa mbwa huzaliwa upesi kujaza pengo.

Linganisheni na Pemba. Kisiwa hicho kilianza kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliletwa tena. Mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 ukashindwa mara ya pili. Wataalamu wasema yafaa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Hao huwa ukuta wa kijiji, kwa maana ugonjwa hauna njia ya kupita.

Mtu atasema: Swima ni mbali, barabara ni mbovu, umeme haba, dawa itaharibika. Neno hilo nalo limepata jawabu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania, ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa, iliyowekwa miezi 6 katika joto la digrii 25, au miezi 3 katika digrii 30, ilifanya kazi sawa na ile iliyotoka katika jokofu.

Mwingine atasema: mama anayegawa bukari kwa watoto sita hana tonge la kumtupia mbwa. Neno hili ni zito kuliko yote, wala hatulidharau. Kwa hiyo hatuwaombi watu wa vijiji kujenga nyumba za mbwa kama za Ulaya. Twaomba mambo manne tu. Kila nyumba ikubali mbwa wake na kumpa jina. Jirani anayebaki amchukue mbwa wa jirani aliyekimbia, ili asiwe mbwa wa njia. Siku ya chanjo ikitangazwa, watoto wamfunge kamba na kumpeleka. Na matumbo ya samaki, badala ya kuozea mchangani, yachemshwe na kuwekwa kando ya nyumba.

Wahenga walisema: Mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa wa Swima wameachwa ufukoni kwenyewe, na wenyewe wameondoka. Nani atawaokoa, isipokuwa wale waliobaki?