Iinue Kwanza

Fundi hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliishika ile pikipiki kwa usukani, akailaza ubavu kwenye mchanga mbele ya kibanda chake hapo Kakuma 1, kisha akarudi nyuma hatua mbili huku akifuta mikono kwa kitambaa.

"Mama, inua moto."

Nikaangalia huku na huku nikitafuta moto. Baadaye ndio nilikuja kuelewa kwamba kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, moto ni pikipiki. Siku hiyo nilisimama tu juani, mwanamke wa miaka 34, futi tano na inchi tatu, na vijana watatu wa boda walikuwa wameweka soda zao chini ili waone sinema vizuri.

Nikainama, nikashika usukani, nikavuta. Pikipiki ikasogea kidogo, ikarudi kulala. Nikavuta tena, mgongo ukalia. Ilikuwa 250, ndefu, shingo juu kama ngamia, na nilikuwa nimeipenda tangu muuzaji anitumie picha yake kwa simu. Nilikuwa na shilingi 160,000 kwa SACCO na kichwani nilishaiita yangu. Hata jina nilikuwa nimeipa.

"Haikubali," nikasema.

"Basi haiko yako. Kule porini nani atakuinulia?"

Wacha nieleze kilichonipeleka pale. Kazi yangu ni friji. Zahanati nyingi za Turkana hazina stima ya laini, kwa hivyo chanjo za watoto hukaa kwenye friji za sola, na friji ikigoma, huitwa mtu kama mimi. Nakaa Lodwar, lakini nusu ya kazi iko upande wa Kakuma, kama kilomita 120 hivi kwa ile barabara kuu ya kwenda Lokichoggio. Lami si shida yangu. Matatu zipo. Shida inaanza pale unaposhuka matatu, ukabaki na begi la spana na kilomita 40 za mchanga, mawe na laga. Hapo unategemea boda akubali, na akikubali anataka pesa ya kukununulia mbuzi. Au unangoja gari la mtu mwenye safari yake.

Mwaka juzi niliitwa kwa zahanati moja ng'ambo huko. Friji ilikuwa imezima. Nilikaa Kakuma siku moja na nusu nikitafuta usafiri. Nilipofika, muuguzi alinifungulia mlango wa friji bila kusema kitu. Kama hujui, chanjo hizi zinataka kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye chupa nyingi kuna kiduara chenye kijimraba cheupe katikati. Joto likiingia, kijimraba kinaanza kuwa cheusi polepole, na kikifikia rangi ya lile duara, chupa hiyo haiingii tena kwa mtoto wa mtu. Vijimraba vya siku hiyo vyote vilikuwa vimeiva. Nje akina mama walikuwa wamekaa chini ya mti na watoto mapajani. Wengine walikuwa wametembea tangu usiku.

Waya niliyokuja kuunganisha ilinichukua dakika 20.

Hakuna aliyenilaumu, na sijui kama ingekuwa afadhali wangenilaumu. Lakini niliporudi Lodwar nilianza kuangalia pikipiki.

Mamangu, aliye Kitale, aliposikia alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Nduthi? Wewe?" Mama amewahi kulinda mgonjwa kwa wadi ya mifupa, na anajua vijana wanaolala pale walifikaje. Sikumjibu kwa ujanja. Nilimwambia nitanunua helmeti kabla ya pikipiki. Nikanunua kweli: helmeti ya kufunika uso mzima, glavu, buti za kupita kifundo, na pedi za magoti. Zilikula 28,000 ya ile 160,000. Kama unafikiria kuingia kwa hii kitu ukiwa mtu mzima, anzia hapo. Kijana wa miaka 16 akianguka anaruka kama mpira. Sisi tunaanguka kama gunia la mahindi.

Halafu nikaenda shule ya udereva, leseni ya A2, kwa sababu polisi wa barabarani hawasikilizi hadithi za friji. Shuleni nilifunzwa kwa kipikipiki kidogo kwenye uwanja tambarare, nikapita, nikajiona bingwa. Bingwa huyo ndiye alishindwa kuinua 250 mbele ya vijana wa boda.

Fundi alinipa kiti. Akanichorea kwa kidole mchangani.

Boxer, akasema, ni nzuri. Spea zake ziko kila duka kuanzia Lodwar mpaka Loki, na kila mtoto anajua kuifungua. Lakini magurudumu yake ni madogo, inchi 17, na imekaa chini. Kwenye mchanga mzito gurudumu la mbele linazama badala ya kupanda. Vijana wanaenda nayo kila mahali, ndio, lakini wao wameizoea miaka kumi. Pikipiki ya porini ina gurudumu la mbele la inchi 21, jembamba na refu, linapasua mchanga na kupanda jiwe. Tumbo lake liko juu. Shoki zake ni ndefu, zinameza shimo kabla halijafika kwa kiuno chako. Bei ya hayo yote ni kwamba kiti nacho kinakuwa juu, na miguu yako, Mama, ni hii.

Tukaitazama miguu yangu.

"Kwa hivyo?"

"Tafuta 125. Nyepesi. Ya kiki. Betri ikufe, unapiga kiki, unaenda."

Alikuwa anamaanisha Yamaha DT, zile ambazo mashirika yamezitumia huku kwa miaka mingi, mpaka kila fundi anazijua kwa mlio. Mafuta ya injini hizo huungua pamoja na petroli, na yana tanki lake dogo la pembeni. Ukisahau kulijaza, injini inajifia yenyewe na utalia peke yako. Lakini haina mambo mengi. Unaweza kuifungua chini ya mti.

Wiki tatu baadaye nikasikia kuna moja inauzwa Lodwar, iliyowahi kutoka kwenye mnada. Nikampigia fundi. "Si ukuje tuiangalie pamoja? Nitakulipia matatu na lunch."

Akacheka. Si kicheko cha furaha. "Mama, mimi niko mkimbizi. Kufika Lodwar naomba ruhusa. Mpaka karatasi itoke, moto imeuzwa."

Ilikuwa aibu. Nimefanya kazi Kakuma miaka minne, najua habari ya hati za kusafiria, nimewaona watu wakiteremshwa kwa matatu kwenye vizuizi. Lakini yeye nilikuwa namuona kama fundi, na fundi huitwa akaja. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba huyu mtu ambaye mikono yake inajua barabara zote za hapa, kwa vile anatengeneza kile ambacho barabara hizo zimevunja, hajazipita.

Tukaikagua kwa simu. Nilimpigia video nikiwa kwa yule muuzaji, karibu na soko, jua la saa sita likinichoma utosi. "Gusa injini. Iko baridi?" Iko baridi. Vizuri, kwa sababu muuzaji akikuwashia mapema anaficha ugonjwa wa kuwaka. "Piga kiki." Mara tatu, ikashika. "Weka simu karibu na ekzosi." Nikaweka. Muuzaji akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Sasa inua gurudumu la mbele, litikise. Linagonga?" Haligongi. "Vuta cheni kwa nyuma. Inaachana na meno?" Kidogo. "Hiyo utanunua. Fungua filta." Spongi ilikuwa imejaa vumbi kama keki. "Hiyo tunaosha. Tazama namba ya chasi, ifanane na logibuku." Inafanana. "Jina kwa logibuku ni la huyo anauza?" Ni lake. "Uliza ushuru ulilipwa." Nikauliza, nikaoneshwa karatasi.

Kukawa kimya kwa simu.

"Sasa ilaze," akasema.

Nikailaza. Muuzaji akapiga kelele. Nikafanya vile fundi alikuwa amenifunza na ile kubwa: geuza usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, chuchumaa, mkono mmoja kwa usukani na mwingine kwa chuma chini ya kiti, halafu usivute kwa mgongo, sukuma kwa miguu ukitembea kinyumenyume. Ikapanda polepole, ikanikaa pajani, ikasimama.

Kwa simu nilisikia watu wakipiga makofi. Kumbe alikuwa amewaita wale vijana wa soda.

Nililipa 118,000. Ikapelekwa Kakuma juu ya lori. Fundi akachonga spongi ya kiti, ikashuka vidole vitatu, na sasa nikisimama nafikisha nyayo za mbele chini, si ncha za vidole tu. Cheni mpya, sprokiti mpya, filta ikaoshwa na kupakwa mafuta. Mwezi mzima alinifunza mchanga pembeni ya mto Tarach ukiwa mkavu, kila Jumamosi alfajiri, kabla joto halijafungua macho. Macho mbali, si kwa gurudumu. Kaa nyuma. Usishike usukani kama unakaba mtu, uache ucheze. Ukiogopa, mkono unataka kufunga mafuta, na ukifunga, gurudumu la mbele linazama, unaruka. Ongeza kidogo, itatulia. Breki ya mbele mchangani usiiguse. Na laga likiwa na maji, hata ya kifundo, ngoja, hata kama juu ya kichwa chako ni bluu tupu. Hiyo mvua ilinyesha mahali huoni.

Nilianguka mara 11. Nilihesabu. Kila nilipoanguka alikaa pale pale na kikombe chake cha chai, hakuinuka.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kwa zahanati ile ile. Tubu mbili za akiba, pampu, vyuma vya kutolea tairi, maji lita tano. Miiba ya mathenge ilinipiga pancha moja, iliyonichukua saa nzima, na mzee mmoja mchungaji alikaa kwenye ekicholong chake akinitazama bila neno. Mwishoni akasema "Ejok" na kuondoka na mbuzi zake. Niliangushwa na laga moja. Nikainua. Nilifika saa tano asubuhi, mchanga kwa meno. Friji ilikuwa inasoma nyuzi 5. Ilikuwa ukaguzi tu. Muuguzi alinipa chai.

Jioni nilirudi moja kwa moja kwa kibanda. Fundi aliinama, akagusa injini kwa nyuma ya kiganja kama mtu anayepima mtoto homa. Nilidhani atauliza kama nimeanguka.

"Kule mbele," akasema, "ile kilima baada ya laga ya pili, vijana wananiambiaka iko mawe. Inapanda na gia gani?"

"Ya pili. Ya tatu inakohoa."

"Ya pili," akarudia. Akafikiria. "Na juu? Ukifika juu unaona nini?"

Nikavuta kile kiti alichonipa siku ya kwanza, nikakaa. Nikamwambia yote, kona kwa kona, mahali mchanga ni mwekundu na mahali unageuka kuwa kijivu, mti mmoja ulioinama, na vile ukifika juu upepo unakuja umepoa kidogo. Alikuwa anasikiliza huku anakaza nati ya cheni ambayo haikuwa imelegea.