Tumbaku Laini ya Ronge

Msafiri ashukaye Voi na kushika barabara iendayo Taveta hafiki mbali kabla ya kuona Mwatate. Hapo nilipumzika kidogo, kisha nikashika njia ya Ronge. Chini ni Ronge Nyika, nchi ya joto na vichaka, ambako tembo wa Tsavo huwasumbua wakulima. Juu ni Ronge Juu, penye migomba na hewa ya baridi. Nami nilikuwa nikienda juu, wala si kwa kutazama milima. Mjomba wangu akaaye Mombasa alikuwa amenituma tumbaku.

"Niletee ile laini," alisema. "Hii ya dukani inanikohoza."

Huko Kuba na Ufilipino msafiri hununua sigara nene zilizosokotwa kwa mkono, naye huchagua kali au laini apendavyo. Huku kwetu tumbaku ya shamba mara nyingi husagwa ikawa ugoro, lakini mjomba ana desturi yake: huvingirisha jani zima likawa nene kama kidole gumba, akalivuta jioni barazani.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye miche michache nyuma ya nyumba. Nilimpa shikamoo, nikamwambia haja yangu. Akanipeleka chini ya paa, mahali alipotundika majani yakauke kivulini.

"Mwanangu, ulaini hauko katika mbegu peke yake," alisema. "Majani ya chini ni mapole, ya juu ni makali. Ukikata ua kabla halijafunguka, nguvu yote hurudi katika majani. Na ugoro ukiutia magadi mengi, utamtoa mtu machozi."

Basi nikadhani kazi imekwisha. Nikaomba mafungu manne ya majani ya chini. Mzee hakuyafunga. Aliniuliza kama huyo mjomba anakohoa. Nikajibu kwamba anakohoa, hasa alfajiri.

"Basi sitakudanganya," akasema. "Mtu aliyezoea kali, ukimpa laini, huivuta kwa nguvu zaidi, tena huvuta mara mbili. Moshi ni ule ule."

Nilistaajabu kumsikia mfanyabiashara akiiharibu biashara yake mwenyewe. Lakini neno lake ni la kweli, na wataalamu wamelithibitisha. Katika mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, neno "laini" limetajwa miongoni mwa maneno ya pakiti yawezayo kumfanya mnunuzi adhani kuwa tumbaku moja ina madhara madogo kuliko nyingine. Mzee wa Ronge hakuwa na pakiti wala hakuutaja mkataba wowote.

Alinionyesha na mikono yake. Asubuhi yenye umande yeye hachumi tumbaku, kwa maana sumu yake, yaani nikotini, hupenya katika ngozi pamoja na maji, na mchumaji hushikwa na kizunguzungu na kutapika. Wenye kulima zao hili wangefanya vema kulikumbuka jambo hilo, hasa wale wanaowatuma watoto shambani mapema.

Nilisimama pale nikiwa na fedha mkononi. Kurudi mikono mitupu kwa mtu aliyenilea sikuweza. Na kumpelekea mafungu manne, baada ya maneno yale, sikuweza vilevile. Nikanunua mawili. Fedha iliyobaki nilinunua mkungu wa ndizi, nao ulinitesa sana ndani ya matatu hadi Voi.

Mjomba alizipokea ndizi kwa shukrani. Kisha alifungua karatasi, akanusa majani, akayahesabu polepole, akaniuliza mafungu mengine mawili yako wapi. Nilimweleza yote aliyosema mzee. Alinyamaza muda mrefu, halafu akamwita mkewe aje achukue mkungu jikoni. Jioni ile alivingirisha jani moja, akalikata katikati kwa kisu, nusu yake akairudisha katika karatasi.