Mkono Unaosimamisha Winchi

Kijana anayepanga kazi za bandari leo ana macho ambayo sisi hatukuwa nayo. Yuko ofisini Kurasini, mbele yake kompyuta, na kontena lililoteremshwa usiku wa manane analijua liko safu ya ngapi, juu ya lipi, limekaa siku ngapi, na lori la kulichukua limepangiwa saa ngapi getini. Lori likishatoka kwenda Tunduma au Rusumo linafuatwa kwa setilaiti, na lakiri ya kielektroniki mlangoni pa kontena inatoa taarifa ikiguswa njiani. Sisi tulioanza kazi bandari ya Dar es Salaam chini ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, mambo hayo tuliyajua kwa kuuliza. Mzigo ulipokuwa shedini, uliujua upo kwa sababu mtu aliyeupokea alikuwa zamu. Akienda likizo, mwenye mzigo alikuwa na kazi.

Na kwenye kutojua huko kulikuwa na ulaji. Faili lilipotea mpaka lilipotafutiwa chai. Katoni zilifika pungufu na kila mmoja akamwangalia mwenzake. Kwa hiyo anayenisikia nikizungumzia zamani asidhani ninailia. Nimewaona wanaume wenye nguvu wakibeba magunia ya saruji kutoka kwenye tumbo la meli, vumbi limewashika mpaka kwenye kope, na kabla ya kufika miaka hamsini migongo imeshakwisha. Kontena limewaokoa watu hao. Malcom McLean, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya malori, alipopakia makontena 58 kwenye meli Ideal X mwezi Aprili 1956 hakuwa na habari na kuli wa Dar es Salaam, lakini kuli huyo alifaidika naye, hata kama ndugu zake wengi walipoteza vibarua kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachonisumbua ni kingine. Kizazi hiki kimepewa macho ya kuona kila kitu, kikanyimwa mkono wa kusimamisha chochote.

Nieleze mkono ninaousema. Meli za mizigo ya kichele zilikuwa na winchi zake sitahani. Mwendesha winchi hakuweza kuona chini, ndani ya tumbo la meli, ambako genge lilikuwa likifunga marobota ya katani au mapande ya shaba ya Zambia. Macho yake yalikuwa mtu mmoja aliyesimama ukingoni, mpiga ishara. Kidole juu kikizungushwa, pandisha. Kidole chini, teremsha. Taratibu, kiganja kinapepea. Mwendesha winchi alitii ishara za mtu huyo peke yake, na mwingine yeyote akijaribu kumwelekeza alitukanwa vizuri. Isipokuwa ishara moja. Ishara ya simama ilikuwa ya kila mtu. Kibarua wa siku ya kwanza akiinua mkono, mpishi wa meli aliyekuwa anapita na sufuria akiinua mkono, winchi inasimama kwanza, maswali baadaye. Kanuni hiyo haikuwa yetu peke yetu, ni ya waendesha kreni dunia nzima.

Niliiona ikifanya kazi nikiwa karani wa kuhesabu shehena. Ilikuwa jioni, meli inatakiwa kuondoka na maji, shaba inapakiwa kwa haraka. Kibarua mmoja, kijana mwembamba aliyeitwa kuziba pengo la mgonjwa, akainua mkono. Msimamizi wa genge alifoka. Bando lilikuwa limeshapanda juu ya vichwa vya watu wa gatini. Likateremshwa polepole, tukasogea. Waya wa kuinulia ulikuwa umeanza kufumuka karibu na kitanzi, nyuzi zake zimesimama kama manywele. Msimamizi aliutazama, akaagiza waya mwingine, kazi ikaendelea. Hakukuwa na pongezi wala barua ya onyo. Yule kijana alikuwa ametumia kitu kilichokuwa chake.

Sasa watu wa mipango wana msamiati mpya kila mwaka, na mwingi wake ninausoma kwa hamu kwa sababu watoto wetu ndio wanaoufanyia kazi. Lakini ukiufuata nyuma unafika kwa watu wachache. Frederick Taylor, kule Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1899, aliwapima kwa saa watu waliokuwa wakipakia vipande vya chuma kwenye mabehewa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtu aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku alifikishwa tani 47 na nusu. Henry Ford akafuata na mkanda unaotembea mwaka 1913, na gari lililokuwa likichukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa likawa linachukua dakika 93. Hapo mfanyakazi anafuata mwendo aliowekewa. Akisita, kazi inampita.

Wajapani wa Toyota walifanya tofauti, na hapa ndipo ningependa wanangu wasome kwa makini kuliko wanavyofundishwa kwenye semina. Mfumo wao una nguzo mbili. Ya kwanza inajulikana kila mahali: kila kitu kifike kwa wakati wake, kwa kiasi chake, ghala lisijae vitu vinavyongoja. Taiichi Ohno aliihangaikia nguzo hiyo kwa miaka mingi kiwandani. Ya pili ni ya zamani zaidi. Sakichi Toyoda, baba wa ukoo ule, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo, na mtambo wake wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, ili isifumwe nguo mbovu. Kutoka hapo ikaja kamba inayopita juu ya vichwa vya wafanyakazi kiwandani: mfanyakazi wa chini kabisa akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja, na tatizo lisipotatuliwa haraka, mstari unasimama. Mtu wa mshahara mdogo anasimamisha kiwanda cha mabilioni, na anashukuriwa.

Huku kwetu mafunzo ya Kijapani yameingia kwa nguvu. Hospitali za rufaa, viwanda na ofisi za serikali vimefundishwa KAIZEN, na maneno Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia yamebandikwa ukutani. Nimeingia kwenye stoo ya dawa iliyopangwa mpaka nikafurahi, kila kopo na lebo yake, la kuisha muda mapema limewekwa mbele. Kazi njema. Kisha nikamuuliza dada wa stoo: ukiona dawa zilizoletwa zina walakini, na mkubwa wako anataka zipokelewe leo, unafanyaje? Akacheka kwa adabu, akasema, "Mzee wangu, mimi napokea tu." Nguzo moja imesafiri, nyingine imeachwa Japani.

Mjukuu wangu ni mpangaji wa kazi kwenye bandari kavu moja hapa jijini. Ni msichana hodari, na kazi yake anaieleza mpaka unaiona. Jioni moja, baada ya shikamoo na marahaba, alinisimulia kuhusu kontena la kwenda nje ambalo mashine ya kulinyanyua ilihangaika nalo. Uzito uliosomeka kwenye mfumo ulikuwa wa kawaida kabisa, lakini dereva wa mashine akasema kwa redio kwamba hilo ni zito kuliko linavyosomeka. Mjukuu wangu alitaka lirudishwe kwenye mizani. Akaambiwa taarifa zimekamilika, nyaraka ni za kijani, na dakika za lori zinahesabika. Likaenda. Halikuleta madhara ninayoyajua. Lakini yeye hakulala vizuri, na mimi nilipolisikia sikulala vizuri pia.

Maana jambo hilo lina historia yake. Januari 2007 meli MSC Napoli ilipasuka kwenye dhoruba na ikapandishwa mchangani pwani ya Devon, Uingereza. Wachunguzi walipopima makontena yapatayo 660 ya sitahani yaliyokuwa bado makavu, 137 kati yake yalitofautiana na uzito uliotajwa kwa zaidi ya tani tatu. Moja katika matano. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinakataza kupakia kontena lisilokuwa na uzito uliothibitishwa. Kanuni nzuri, na imeingizwa kwenye mifumo yote. Ila mfumo unathibitisha kwamba namba imejazwa. Dereva wa mashine ndiye aliyehisi chuma kinavyolalamika.

Zamani hesabu ilikuwa na makarani wawili, mmoja upande wa meli, mwingine upande wa bandari. Kila mmoja na daftari lake, anachora vijiti vinne na cha tano akivikata. Mwisho wa zamu tulilinganisha. Tukitofautiana, hapakuwa na anayesema daftari la mwenzake ni la mkubwa hivyo ndilo la kweli. Tulirudi shedini tukahesabu upya, hata kama basi la mwisho linaondoka. Ulikuwa utaratibu wa polepole na uliochosha. Ungemtia wazimu mpangaji wa leo. Lakini ulikiri kwamba namba inaweza kukosea, na ukampa mtu wa chini nafasi ya kulisema hilo bila kuomba ruhusa.

Nafasi hiyo sasa inaitwa upotevu. Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa maboresho ni kuondoa muda unaongoja, mzigo unaongoja, mtu anayengoja. Dunia ilipata funzo mwezi Machi 2021, meli Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 mpaka tarehe 29, na viwanda vya mbali vikaanza kuhesabu vipuri vilivyobaki. Kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yakazifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Sasa mabingwa wanarudi kuhubiri akiba. Wanasahau kwamba Toyota, waasisi wa kutokuweka akiba, baada ya tetemeko la Japani la mwaka 2011 waliwataka wauzaji wao waweke akiba ya chipu za kompyuta ya miezi kadhaa, na uhaba wa 2021 ulipoanza waliuhimili kwa muda kuliko wenzao. Hawakuwa wamekariri kanuni. Waliielewa.

Akiba ya vitu inarudi, basi. Akiba ya watu siisikii ikitajwa. Zamu ya watu sita imekuwa ya wanne, na wanne wale hawana hata mmoja wa kusema ngoja nikaangalie. Vijana wa pikipiki wanapangiwa safari na programu ya simu, wakikataa safari mbaya alama zao zinashuka, na hawana msimamizi wa kumfokea wala wa kumwelewesha. Kinachokuja ni mashine zinazojifunza, zitakazopanga gati, kreni na malori kwa sekunde, vizuri kuliko mjukuu wangu. Sina ugomvi nazo. Mwanadamu hawezi kushika makontena elfu nane kichwani. Ninachouliza ni nani kati ya walio chini ya kreni ataweza kuiambia mashine ile isimame, na itasimama?

Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa inayomkabili. Ni kinga ya kukimbia. Yule kibarua mwembamba hakukimbia. Alisimamisha, na wengine wote wakapona pamoja naye. Tofauti hiyo ni kubwa, na vijana wetu wanastahili iandikwe kwenye ajira zao kwa maneno mepesi.

Wazee wenzangu waliomo kwenye bodi na kamati, nasema na nyinyi pia. Mwaka 2023 nchi hii ilibishana kwa ukali juu ya bandari: ni ya nani, inapewa nani, kwa muda gani. Mjadala ulikuwa halali. Oktoba mwaka ule mkataba wa gati namba 4 mpaka 7 ukasainiwa na DP World kwa miaka 30, na tukaambiwa utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Vipimo tunavikisia: meli imekaa nangani siku ngapi, kontena ngapi kwa saa, mapato kiasi gani. Vipimwe vyote, ni haki yetu kuvijua.

Ila siku wapimaji watakapokuja, kwenye gati lolote, la mwekezaji au la serikali, na kwenye bandari kavu, hospitali na viwanda, waulize pia ni mara ngapi katika miaka mitano mfanyakazi wa cheo cha chini alisimamisha kazi kwa sababu aliona jambo haliko sawa. Wakijibiwa kwamba haijawahi kutokea, waombe wapelekwe kwa dereva wa mashine, wamuulize yeye. Na pale itakapokuwa imetokea, waulize jina la aliyesimamisha, na kama bado yuko kazini.