Mistari Kumi na Miwili

Mwaka 1832, Louis Albert Necker, mtaalamu wa mawe kutoka Uswisi, alieleza katika barua jambo lililomshangaza. Alipokazia macho mchoro wa fuwele, upande uliokuwa mbele uligeuka ghafla ukawa nyuma. Karatasi haikuguswa, wala mstari haukusogea.

Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji. Chora miraba miwili iliyopandiana kidogo, uunganishe pembe zake, kisha utazame bila haraka. Utaona sanduku ulitazamalo kutoka juu, halafu sanduku ulitazamalo kutoka chini. Yote mawili kwa pamoja huyaoni, na hata ukishikilia moja, halidumu.

Mwaka 1998, Andreas Kleinschmidt na wenzake wa London walichapisha habari za watu waliotazama michoro ya namna hii huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine ya sumaku. Picha ilipogeuka, sehemu za ubongo zinazoshughulika na kutambua vitu zilichangamka, ilhali ile inayopokea kwanza habari za macho ilipungua kazi. Wataalamu wangali wanabishana ni sehemu ipi hasa inayoanzisha mgeuko. Lakini hili ni wazi: kilichobadilika kimo ndani ya mtazamaji, si karatasini.

Mimi na dada yangu tumegombana miaka mingi juu ya marehemu baba. Kila jioni alihesabu fedha mbele yetu, shilingi kwa shilingi, kisha akafunga sanduku bila kusema neno. Dada huona ubahili uliomkosesha shule. Mimi huona woga wa mtu aliyewahi kulala na njaa. Tangu mazishi kila mmoja amemtetea baba wake, na watoto wetu wanakua bila kujuana.

Ikiwa mistari kumi na miwili tu yatosha kutoa sura mbili zisizokaa pamoja, sembuse maisha ya mtu mzima? Sasa nikimtembelea dada simbishii. Namwomba asimulie. Siku moja, akisimulia alivyosimama mlangoni na barua ya kuitwa shule, nilimwona baba wake waziwazi, ufunguo mkononi. Haikudumu, na wala sikuipenda sura ile. Lakini niliiona, nikamwambia dada kwamba nimeiona. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza habari za wanangu.